SI KILA KUHARA DAMU NI AMIBA



Katika mikutano yetu ya mwambao, kutoka Rumonge mpaka Kabonga, kuna swali moja linalorudi kila mara. Huulizwa kwa sauti ya chini, mkutano ukiisha kwisha, kwa sababu watu huona haya kulitaja mbele ya wenzao. Swali ni hili: mtu anahara damu, anapewa dawa ya amiba, anapata nafuu wiki mbili, kisha damu inarudi. Anapewa tena dawa ileile. Miezi inapita, mwili unakonda, siku za kazi zinakatwa. Je, mtu huyu amerogwa? Je, dawa ni mbovu? Au ni ugonjwa mwingine?

Mwenzetu mmoja wa mashamba ya michikichi alipita njia hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima. Kila alipoacha mkungu wa chikichi chini na kukimbilia vichakani, msimamizi alimwandika mtoro. Nasi viongozi wa chama, alipotujia, tulimwambia avumilie na amalize dawa. Tulikosea, kwa kuwa hatukujua. Alipofikishwa hospitali kubwa mjini, wakamtazama ndani kwa mrija wenye taa, ikaonekana kwamba hana amiba hata moja. Utumbo wake mpana ulikuwa umejaa vidonda ambavyo havikuletwa na kijidudu chochote kinachojulikana.

Ndiyo sababu tumeandika makala hii. Tunataka kueleza ugonjwa huo ni nini, waganga waliufahamu kwa njia gani, na sisi wafanyakazi tunapaswa kudai nini.

UTUMBO NA ASKARI WA MWILI

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba, ambao urefu wake ni kama mita 6. Humo ndimo mwili unamofyonza nguvu ya chakula. Kisha mabaki huingia utumbo mpana, wa urefu wa mita moja na nusu hivi, ambao hunyonya maji na kufanya choo kiwe kigumu. Ukuta wa ndani wa utumbo ni laini na mwembamba, na kila siku hupitiwa na vijidudu vingi mno. Wengi wao si adui. Wanaishi humo maisha yetu yote na kutusaidia kusaga chakula.

Mwili una askari wake katika damu. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vibaya na kuwaacha vizuri. Mtu akishikwa na kuhara damu kwa kawaida, askari hupigana na adui wa kweli, kisha vita huisha. Lakini kuna watu ambao askari wao hawapokei amri ya kusimama. Wanaendelea kupigana hata adui asipokuwapo, na uwanja wa vita ni ukuta wa utumbo wenyewe. Ukuta unavimba, unachubuka, unatoa damu na usaha. Vita hupoa miezi kadhaa, kisha huwaka upya.

Magonjwa ya namna hiyo ni mawili makubwa. La kwanza huitwa kolaitisi ya vidonda. Hukaa katika utumbo mpana tu, huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu, na vidonda vyake ni vya ngozi ya ndani. La pili ni ugonjwa wa Crohn. Huo unaweza kushika mahali popote toka kinywani mpaka njia ya haja, hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, na huchimba ukuta mzima. Kwa hiyo unaweza kuziba njia ya chakula, au kutoboa tundu linalotoa usaha kando ya njia ya haja.

Hayo hayaambukizi. Mtu hawezi kuyapata kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala naye chumba kimoja. Na uchawi haumo.

WALIOTANGULIA

Kolaitisi ya vidonda ilielezwa mjini London mwaka 1859 na daktari Samuel Wilks. Mwaka 1932, katika hospitali ya Mount Sinai mjini New York, madaktari Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer waliandika habari za wagonjwa 14 ambao mwisho wa utumbo wao mwembamba ulikuwa umevimba na kuziba. Kabla ya hapo wengi walidhani wagonjwa wa aina hiyo wana kifua kikuu cha utumbo. Jina la Crohn ndilo lililobaki.

Dawa zilikuja polepole. Mama mmoja wa Sweden, Profesa Nanna Svartz, alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Katika miaka ya 1940 dawa yake, salfasalazini, ilionekana kuwafaa wagonjwa wa kolaitisi. Mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walitoa matokeo ya jaribio lao la dawa ya kotizoni. Waliwagawa wagonjwa makundi mawili kwa kura, na waliopata kotizoni walipona zaidi na kufa kidogo kuliko wenzao. Kabla ya hapo, kushikwa na kolaitisi kali kulikuwa ni kusogea karibu na kaburi.

JE, NI UGONJWA WA WAZUNGU?

Kwa miaka mingi vitabu vya waganga vilisema Mwafrika hapati magonjwa haya. Lakini mwaka 1966 madaktari wawili wa Kampala, Billinghurst na Welchman, walichapisha katika gazeti la waganga wa Uingereza habari za wagonjwa wanne Waafrika wenye kolaitisi ya vidonda. Wanne ni wachache, lakini walitosha kuonyesha kwamba kitabu kimekosea. Ugonjwa ulikuwapo, ila nadra, na ulijificha nyuma ya amiba na kuhara damu kwa kawaida.

Kwa nini nadra? Hapo tumtaje mganga mwingine wa Kampala, Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akafika Uganda mwaka 1946, akakaa mpaka 1966. Wengi wanamjua kwa uvimbe wa taya za watoto, saratani yenye jina lake. Lakini aliporudi Uingereza alijiuliza: mbona huko Afrika sikuona bawasiri, wala kidole tumbo, wala saratani ya utumbo mpana, kwa wingi ninaouona hapa?

Akafanya jambo ambalo huenda likachekesha wengine. Yeye na wenzake walipima uzito wa choo na saa ambazo chakula hukaa mwilini. Mwaka 1972 walichapisha hesabu yao. Wanakijiji wa Uganda, wala viazi, ndizi, maharage na mboga, walitoa choo cha gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi. Mabaharia wa Uingereza na wake zao, wala mkate mweupe na sukari, walitoa gramu 104 tu, na chakula kilikaa zaidi ya saa 80. Burkitt akasema siri ni makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi za mimea ambazo viwanda huzitupa.

Si yote aliyodhani yamethibitika. Lakini leo inajulikana kwamba nyuzinyuzi hizo ni chakula cha vijidudu vyema vya utumbo, navyo hutengeneza kitu kinacholisha ukuta wa utumbo mpana. Sombe, maharage, mihogo na lengalenga vya mwambao wetu si chakula cha kuonea aibu.

DAKTARI ALIYEHESABU

Sasa tufike kwa daktari ambaye kazi yake inatuhusu zaidi. Jina lake John Mayberry, bingwa wa magonjwa ya tumbo na utumbo, Mwingereza. Yeye hakugundua dawa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu: nani anaugua, anaishi wapi, anakula nini, anafanya kazi gani, na anatendewaje.

Alianzia Cardiff, mji wa makaa ya mawe na bandari huko Wales, pamoja na daktari John Rhodes. Walifungua madaftari ya hospitali ya miaka 44, toka 1934 mpaka 1977, wakatafuta kila mkazi wa mji aliyepata ugonjwa wa Crohn. Hesabu yao, iliyotoka mwaka 1979, ilionyesha kwamba ugonjwa uliongezeka mara nyingi katika muda huo. Damu ya watu wa mji haibadiliki katika miaka 40. Kilichobadilika ni maisha. Mwaka 1980 walionyesha kwamba wagonjwa wa Crohn walikula sukari kuliko watu wazima wa afya. Lakini jambo kama hilo halithibitishi chanzo, maana huenda mgonjwa hula sukari kwa sababu vyakula vingine vinamuumiza.

Baadaye Mayberry alihamia Leicester, mji wa viwanda vya nguo na soksi. Na hapa habari inarudi kwetu Afrika Mashariki.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije, kwamba mji umejaa. Wakaja kwa maelfu, na wengine walikuwa wamekwisha kutoka Kenya. Wakaingia viwandani. Wenzetu wa vyama vya wafanyakazi wanakumbuka mgomo wa Imperial Typewriters wa mwaka 1974, mjini humohumo: wafanyakazi wenye asili ya Bara Hindi, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waligoma kwa kupunjwa malipo na kubaguliwa, na chama chao cha hapo hakikuwaunga mkono. Ni somo chungu kwa chama chochote.

Mayberry na wenzake, akina Probert na Jayanthi, wakahesabu katika jamii hiyo kama alivyohesabu Cardiff. Iliaminika kwamba watu wa asili ya Bara Hindi hawapati kolaitisi ya vidonda ila kwa nadra. Hesabu iliyotoka mwaka 1992 ilionyesha kinyume: Wahindu na Masingasinga wa Leicester waliipata mara mbili au zaidi ya majirani zao wazungu.

Ndugu msomaji, tafakari maana yake. Ngozi haikinga. Watu walitoka mahali ambapo ugonjwa ulihesabiwa kuwa nadra, wakahamia mji wa viwanda, na ugonjwa ukawafuata ndani ya kizazi kimoja au viwili. Na leo waganga wanaona magonjwa haya yakiongezeka katika nchi zinazojenga viwanda na miji kwa haraka, huko Asia, Amerika ya Kusini na Afrika. Chanzo kamili hakijapatikana. Inajulikana kwamba kuna sehemu ya urithi wa ukoo, na sehemu ya mazingira: chakula, sigara, matumizi ya dawa za kuua vijidudu tangu utotoni. Kwa ugonjwa wa Crohn, sigara huuzidisha ukali, na hilo halina ubishi.

MWAMBAO WETU NA MAGONJWA MAWILI YANAYOFANANA

Lakini tusiruke upande wa pili na kusema kila kuhara damu ni kolaitisi. Kwetu hapa adui wa kwanza bado ni vijidudu vya maji machafu. Kuanzia mwaka 1979 kuhara damu kwa namna kali kulitokea mashariki ya nchi iliyoitwa Zaire, kukaenea Rwanda na Burundi, kukiua watu wengi, na dawa nyingi zikashindwa. Kipindupindu kilifika mwambao mwaka 1978. Kikatoweka miaka 14, kikarudi mwaka 1992. Mwaka huo wachunguzi walikaa Rumonge na kuwalinganisha wagonjwa na majirani zao wazima. Wakaona kwamba hatari ilikuwa katika kuoga ziwani na kunywa maji ya ziwa. Kijidudu chenyewe walikipata katika maji ya Tanganyika, na kilikuwa kimekwisha kuizoea dawa iliyogawiwa ili kuwakinga watu.

Kwa hiyo mganga mwema huanza kwa kutafuta vijidudu. Hapana kosa hapo. Kosa ni kuendelea kutibu amiba mara ya tatu, ya nne na ya tano bila kupima choo, wala kujiuliza. Hatari nyingine ni hii: dawa ya kotizoni inayosaidia kolaitisi inaweza kumuua mtu mwenye amiba ya kweli au kifua kikuu cha utumbo. Ndiyo sababu mtu asijinunulie dawa sokoni kwa kusikia kwamba fulani ilimponya.

DALILI ZA KUKUMBUKA

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kama:

1. Unahara maji meupe kama ya kuoshea mchele, mara nyingi, na nguvu zinakuishia. Hicho huenda ni kipindupindu. Anza kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kituo njiani, usingoje kufika.

2. Unahara damu pamoja na homa, au tumbo limevimba na kuwa gumu.

Mwombe mganga akupeleke hospitali kubwa kama:

3. Kuhara au damu kumezidi wiki nne, au kunarudi kila baada ya nafuu.

4. Umekwisha kutibiwa amiba mara mbili na damu ipo, au choo kimepimwa na hakikuonekana kijidudu.

5. Unaamka usiku kwa haja, unakonda, unapungukiwa damu, viungo vinauma, au macho yanakuwa mekundu pamoja na kuhara.

6. Una tundu linalotoa usaha karibu na njia ya haja.

7. Umri wako umezidi miaka 40 na damu inatoka hata bila kuhara. Hapo ni lazima kutazama kama si saratani.

Beba daftari lako la matibabu lenye majina ya dawa zote ulizopewa. Daftari hilo humfaa mganga kama rejista zilivyomfaa Mayberry. Na ukikutwa na ugonjwa huu na kupewa kotizoni, usiikatize ghafla kwa kuona umepona. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya mganga. Mgonjwa wa Crohn ambaye utumbo wake umebana asilazimishwe kula makapi mengi, maana yanaweza kuziba njia. Chakula chema kwa mzima si lazima kiwe chema kwake. Dawa mpya za sindano, zilizoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 1998, zina nguvu, lakini bei yake ni mzigo hata kwa nchi tajiri. Salfasalazini na kotizoni bado ni dawa za bei nafuu, na kwa wagonjwa wengi zinafaa.

HAKI KAZINI

Mayberry na wenzake hawakuishia katika utumbo. Mwaka 1992 huohuo walitoa uchunguzi mwingine juu ya wagonjwa wa Crohn: jinsi walivyosoma shule, jinsi walivyopata kazi, na kama waliona wanabaguliwa. Baadhi ya waganga wangesema hilo si kazi ya daktari. Sisi tunasema ni kazi yake kabisa. Mgonjwa anayefukuzwa kazi hana fedha ya dawa, na asiye na dawa harudi kazini.

Ugonjwa huu huwashika zaidi vijana, kati ya miaka 15 na 35, yaani wakati ambapo mtu anaanza kujenga na kulea. Wakati wa nafuu mgonjwa hufanya kazi kama mtu yeyote. Wakati wa moto anahitaji mambo machache tu: choo kilicho karibu, ruhusa ya kwenda bila kuomba mbele ya watu, maji safi ya kunawa, na siku za kupumzika akiwa na barua ya mganga.

Tazameni basi mashamba yetu. Ni vyoo vingapi vipo karibu na mahali pa kukamulia mawese? Mtu anayekata mikungu katikati ya shamba atembee muda gani? Kwa mama, haja ya vichakani ni hatari zaidi. Na choo hicho tunachomdaia mgonjwa mmoja ndicho kinachowakinga mia na kipindupindu, kwa sababu mvua huchukua uchafu wa vichakani na kuupeleka ziwani, nasi ziwani ndimo tunamochota.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa chama katika kila shamba na kila kiwanda wafanye haya. Kwanza, wahesabu vyoo na mabomba ya maji yanayofanya kazi, na umbali wake, waandike. Pili, mtu akiandikwa mtoro kwa sababu ya kwenda haja, mjumbe aandike tarehe na kulifikisha jambo kwa mwajiri. Tatu, siri ya mgonjwa itunzwe. Asitajwe jina mkutanoni bila ridhaa yake. Nne, mwenzetu akikosa nauli ya kwenda hospitali kubwa, jambo lake liletwe kwenye kamati mapema, si baada ya mwaka.

Yule mwenzetu tuliyemtaja mwanzo amerudi kazini. Hakati tena mikungu, anapima mafuta kwenye mizani. Kuna wiki mbaya na wiki nzuri. Alipotusomea makala hii kabla ya kuchapwa, alitaka tuongeze jambo moja tu: waambieni watu waulize mapema, na waulize kwa sauti ya kawaida. Haya ndiyo iliyomchelewesha yeye kuliko kukosa dawa.

Tumeliongeza.